Mbwa Mbebaji Si Mbwa Mgonjwa

Katika maswali ya mtihani wa Bayolojia hakuna lililozoeleka kuliko lile la wazazi wawili wazima, kila mmoja akiwa na jeni moja ya ugonjwa iliyofichika. Mwanafunzi hutakiwa kuchora jedwali lenye vyumba vinne na kuonyesha kwamba robo ya watoto watakuwa wagonjwa. Huchora, huandika 3 kwa 1, hupewa alama zake, na somo huishia hapo. Maoni yangu, baada ya kufundisha elimu ya urithi kwa miaka kadhaa na kuwapokea chuoni vijana waliolijibu swali hilo vizuri kabisa, ni kwamba mahali hapo ndipo somo lilipopaswa kuanza. Yule mwenye wanyama hao afanye nini na hao wazazi wawili? Nitalieleza jambo hili kwa kisa cha mbwa, kwani katika mbwa tunaweza kuuona uamuzi na matokeo yake kwa uwazi ambao njegere za Mendel haziwezi kutupa.

Border Collie ni mbwa wa kuchunga kondoo aliyetokea katika nchi ya vilima iliyo mpakani mwa Uingereza na Uskoti, na ambaye leo hufugwa kwa wingi Australia, New Zealand na kwingineko. Ni mwepesi wa kujifunza na mwenye jicho kali. Katika miaka ya 1980 waganga wa mifugo wa Australia walianza kuandika habari za ugonjwa wa ajabu miongoni mwa mbwa hao. Mtoto wa mbwa huzaliwa mzima, hucheza, hufundishwa kazi, na kwa mwaka mzima haonyeshi dosari yoyote. Kisha, kati ya mwezi wa 16 na wa 24 hivi, huanza kuogopa vitu alivyovizoea: mlango wa nyumba, ngazi, hata watu wa nyumbani mwake. Wengine hugeuka wakali. Miguu huyumba, macho hupoteza nuru, degedege hufuata. Walio wengi hawafikishi miaka mitatu. Ama hufa wenyewe, ama mwenye mbwa humwomba mganga amlaze kwa sindano ili asiendelee kuteseka.

Ugonjwa huu ni wa kundi la maradhi ambayo binadamu nao huyapata. Daktari Otto Christian Stengel aliyaeleza nchini Norway mwaka 1826 alipowaona ndugu wanne wa nyumba moja wakipofuka na kudhoofika akili, na mwaka 1903 Frederick Batten aliyaandika tena mjini London, hata yakaitwa kwa jina lake. Ili kuyaelewa yatosha kukumbuka kwamba ndani ya kila seli mna vijumba vidogo viitwavyo laisosomu, ambamo mabaki na vitu vilivyochakaa huvunjwavunjwa ili vitumike tena. Ikipungua protini moja tu miongoni mwa zile zinazofanya kazi humo, taka haziishi. Hujilundika kidogo kidogo, mchanganyiko wa mafuta na protini wenye rangi ya manjano, ambao ukitazamwa kwa darubini chini ya miali ya urujuanimno hung'aa wenyewe.

Wanafunzi huuliza kwa nini ubongo na macho ndivyo viumie, ilhali kasoro imo katika kila seli ya mwili. Jibu ni kwamba seli za ngozi na za utumbo huishi siku au wiki chache, zikafa na kuondoka na taka zake. Seli za mishipa ya fahamu hazina bahati hiyo: aliyopewa mnyama utotoni ndiyo aliyonayo maisha yake yote. Na retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni sehemu ya mfumo huo huo wa fahamu, kwa asili yake ni tawi la ubongo. Kwa hiyo jicho na ubongo hujaa taka pamoja na huzimika pamoja.

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, wakiwamo Melville na Wilton, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba wamelipata kosa lenyewe. Limo katika jeni iitwayo CLN5, ambayo kwa binadamu ilikwisha kujulikana tangu 1998 kutokana na watoto wagonjwa wa Ufini. Katika maandishi ya jeni hiyo, herufi ya 619 ilipaswa kuwa C. Kwa mbwa wagonjwa imekuwa T. Neno CAG, ambalo huiamuru seli iongeze kiungo kiitwacho glutamini katika mnyororo wa protini, limegeuka TAG, ambalo maana yake ni "koma hapa". Protini hukatika kabla haijakamilika, mfano wa barua iliyokatizwa katikati ya sentensi, na aliyepelekewa asijue alichoombwa.

Tangu siku hiyo kipimo kimekuwa rahisi. Husuguliwa pamba ndani ya shavu la mbwa, au huchukuliwa damu kidogo. Maabara hunakili sehemu ile ya jeni mara nyingi mno, kisha huisoma herufi. Majibu ni ya namna tatu. Mbwa mwenye C mbili ni salama. Mwenye T mbili atakuwa mgonjwa. Mwenye C moja na T moja ni mbebaji: hataugua maishani mwake, lakini kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kurithi ile T.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka tufanye hesabu. Tuchukue mfano wa darasani, si takwimu ya nchi yoyote, kwamba katika kila mbwa 20 mmoja ni mbebaji. Wakipandishwa bila kuchaguliwa, nafasi ya wabebaji wawili kukutana ni 1 katika 400, na robo ya watoto wao watakuwa wagonjwa. Yaani mgonjwa 1 katika watoto 1,600. Lakini katika watoto hao hao 1,600 mna wabebaji kiasi cha 80. Mfugaji humwona mmoja, na themanini hawaoni. Tuseme basi tunangoja ugonjwa wenyewe ujisafishe kwa kuwaua wagonjwa kabla hawajazaa. Jeni yenyewe katika mfano wetu ni 1 katika kila jeni 40, na hesabu huonyesha kwamba ingehitaji vizazi 40 ili ipungue kufikia nusu. Kwa mbwa, tukihesabu miaka minne kwa kizazi, hiyo ni miaka 160. Na hata makadirio hayo ni ya ukarimu, kwani dume la mwezi wa 15 halijaonyesha dalili yoyote na huenda limekwisha kuzaa.

Kabla ya 2005 mfugaji mwangalifu alikuwa na njia moja ya hakika, nayo haikuwa na huruma. Dume aliyeshukiwa angepandishwa kwa jike aliyekwisha kuzaa mgonjwa, kisha watoto wangelelewa na kutazamwa. Uwezekano wa mtoto mmoja kuwa mzima, hata kama baba ni mbebaji, ni robo tatu. Ili mtu awe na hakika ya asilimia 99 kwamba dume ni salama, alihitaji watoto 16 wazima mfululizo, na kila mmoja aangaliwe karibu miaka miwili. Ikiwa dume lilikuwa mbebaji kweli, jawabu lilipatikana kwa watoto kupofuka. Ninayakumbusha haya kwa sababu wapo wanaosema vipimo vya jeni ni anasa ya matajiri wapenda mbwa. Anasa imo, sikatai. Lakini kipande cha pamba shavuni kimeondoa mateso ambayo zamani yalikuwa ndiyo kipimo chenyewe.

Sasa nifike kwenye lile linalonikera. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Australia, mfugaji mmoja alinikaribisha shambani kwake, akanionyesha mbwa jike wake akifanya kazi. Sijapata kuona tena kazi kama ile: mluzi mmoja, na kondoo waliotawanyika kilimani wakakusanyika kama maji yaingiayo mferejini. Nikamuuliza watoto wake wako wapi. Akasema hana wala hatapata. Majibu ya maabara yalionyesha kuwa ni mbebaji, na wiki ile ile alimfunga kizazi. "Sitaki uchafu katika ukoo wangu," alisema, na alisema kwa fahari ya mtu aliyetimiza wajibu.

Mtu yule hakuwa mjinga wala mkatili. Aliisoma karatasi sawasawa, akatoa uamuzi usiotokana na yaliyoandikwa humo. Karatasi ilimwambia asimpandishe jike huyo kwa dume mbebaji, basi. Kwa dume salama asingezaa mgonjwa hata mmoja. Nusu ya watoto wangekuwa salama kabisa, nusu wabebaji, na kwa kipimo kile kile angewatambua wakiwa wangali wananyonya. Katika kizazi kimoja angepata watoto wenye akili na miguu ya mama yao wasio na ile T. Kipimo kilibuniwa ili mbwa kama huyo aendelee kuzaa bila hatari. Yeye alikitumia kumwondoa.

Yafaa tujiulize anayemwondoa mbebaji anaondoa nini. Haondoi jeni moja. Mbwa ana jeni zipatazo 20,000, na zote huondoka pamoja na ile moja. Na mbwa wa koo zilizosajiliwa hawana bahari ya jeni ya kuchotea, kwani daftari la ukoo limefungwa na wa nje haingii. Mbwa aliyeitwa Old Hemp, aliyezaliwa Northumberland mwaka 1893 na kufa 1901, alizaa watoto zaidi ya 200, na inasemekana kwamba karibu kila Border Collie wa leo ana damu yake. Simshutumu Old Hemp kwa ugonjwa wowote; namtaja ili msomaji aone jinsi dume moja la mbegu linavyoweza kuenea. Sasa wafugaji wote wakiwakimbia wabebaji kwa siku moja na kukimbilia madume machache yenye cheti cha "salama", watakuwa wanarudia jambo lile lile. Kila kiumbe hubeba makosa kadhaa yaliyofichika, na dume lenye cheti linayo yake, ila bado hayajapata jina wala kipimo. Watoto wake wakijaa kila zizi, wajukuu wataanza kukutana, na ugonjwa mpya utatokea mahali pa ule wa zamani.

Nakiri kwamba hoja hii ina kipimo chake. Mahali ambapo wabebaji ni wachache na ukoo ni mkubwa, kama ilivyo kwa Border Collie, kuwapunguza polepole, kizazi baada ya kizazi, hakuna madhara, na hatimaye hilo ndilo lengo. Ugomvi wangu ni na pupa. Tena anayemzalisha mbebaji ana deni la ukweli: sharti amwambie mnunuzi, na sharti dume atakayemtumia awe amepimwa, si kusifiwa tu. Mfugaji afichaye karatasi ni hatari kuliko jeni yenyewe.

Liko kosa la pili, dogo kwa sura lakini lenye kudanganya zaidi, nalo ni kusoma neno "salama" kana kwamba ni cheti cha afya. Kipimo nilichokieleza huangalia herufi moja mahali pamoja. Kosa hilo hilo la herufi ya 619 limeonekana pia kwa mbwa wa ng'ombe wa Australia, na huko kipimo hufaa. Lakini mbwa aina ya Golden Retriever nao hupata ugonjwa huu, katika jeni hiyo hiyo ya CLN5, kwa kosa jingine kabisa: herufi mbili zimedondoka mbele kidogo. Mpime huyo kwa kipimo cha Border Collie, na maabara itajibu kwa haki kabisa kwamba ni salama, naye atapofuka. Kwa English Setter kosa limo katika jeni ya CLN8. Kwa Dachshund limepatikana katika jeni mbili tofauti. Ugonjwa kwa macho yetu ni mmoja, ila milango yake ni mingi, na kila kipimo hulinda mlango mmoja. Napenda wanafunzi walifikirie hili kwa makini, kwani siku moja watapewa majibu ya maabara yaliyoandikwa "hakuna", na itawapasa kuuliza: hakuna nini, na palitafutwa wapi?

Dachshund hao wanastahili kutajwa zaidi. Wamoja wao hukosa kimeng'enya kiitwacho TPP1, na watoto wa binadamu wanaokikosa hupata aina ya ugonjwa wa Batten iitwayo CLN2. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, walishiriki kuwajaribia mbwa hao dawa, yaani kimeng'enya chenyewe kilichotengenezwa kiwandani na kutiwa katika maji yanayouzunguka ubongo. Mbwa walichelewa kuugua na wakaishi zaidi. Mwaka 2017 dawa hiyo iliidhinishwa Marekani kwa watoto, ambao huipata kila wiki mbili kwa njia ya mrija uliowekwa kichwani, nayo hupunguza kasi ya kupoteza uwezo wa kutembea. Macho ya mbwa, hata hivyo, hayakuokoka. Dawa iliyotiwa ubongoni haikuwafaa jichoni. Na huko New Zealand, kwa jambo linaloweza kumfanya mtu atabasamu, kondoo wa aina ya Borderdale nao hupata ugonjwa huu kwa kosa lililomo katika CLN5. Jeni moja humwangusha mchungaji na mchungwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln wamekwisha kuwapa kondoo hao jeni nzima iliyobebwa na kirusi kisicho na madhara, na ugonjwa ukacheleweshwa sana. Kama wanyama hao wote wangeondolewa kwa jina la usafi, sijui majaribio hayo yangefanywa kwa nani.

Kila ninapokifundisha kisa hiki, kabla saa haijaisha mwanafunzi mmoja huinua mkono. Swali ni lile lile kila mwaka: "Mwalimu, na wabebaji wa selimundu je? Wasioane?" Hulipokea kwa furaha na kwa hofu. Kwa furaha, kwa kuwa ameona kwamba jedwali ni lile lile: wazazi wawili wazima, robo ya watoto. Kwa hofu, kwa kuwa zizi limekwisha kuingia darasani. Katika nchi zetu wabebaji wa selimundu ni wengi, na bila shaka wengine wameketi kwenye madawati hayo hayo.

Huanza kwa kumkumbusha neno la yule mfugaji, "uchafu". Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha uchunguzi alioufanya Afrika Mashariki ulioonyesha kwamba mtu mwenye jeni moja ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Jeni hiyo imedumu kwetu kwa sababu iliwaokoa wengi waliokuwa nayo moja. Anayeiita uchafu hana budi kueleza ni kwa nini babu zake wengi wako hai katika damu yake kwa msaada wake.

Kisha humwambia tofauti iliyo kubwa kuliko hesabu. Mbwa hupandishwa, mwenye mbwa ndiye achaguaye, na mbwa hana usemi. Binadamu hapandishwi na mtu. Kwa hiyo kwa mbwa swali ni mwenye mali atumieje majibu, na kwa binadamu ni majibu ya nani, nani ayajue, na mhusika aamue nini mwenyewe baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Maelezo hayo hayana budi kuwa sahihi. Nimesikia watu wazima, wenye elimu, wakisema kwamba wazazi waliokwisha kumpata mtoto mmoja mgonjwa wana "nafasi tatu" za wazima mbele yao. Sivyo. Kila ujauzito huanza hesabu upya, robo ile ile, kama sarafu isiyokumbuka ilivyoanguka jana. Kosa hilo hutokana na jedwali lile la vyumba vinne, likisomwa kama orodha ya watoto wanne watakaozaliwa kwa zamu, na sisi walimu ndio tuliolifundisha hivyo.

Ndiyo maana nawaomba walimu wenzangu wa sekondari waliongeze swali lile la mtihani kwa mistari michache. Mfugaji ana mbwa jike hodari, mbebaji wa jeni fiche ya ugonjwa wa fahamu na macho. Majirani wana madume watatu: mmoja salama lakini ni kaka yake, mmoja hajapimwa, na mmoja wa ukoo wa mbali ambaye ni mbebaji. Dume wa nne, salama na asiye ndugu, yuko safari ya siku mbili, na ametumiwa na kila mfugaji wa wilaya ile. Mwanafunzi achague, na aeleze ni kipimo gani kingine angekiomba kabla ya kuchagua. Alama mbili kwa jedwali. Nane kwa maelezo.